Zamu ya Alhamisi na Kitabu cha Mlimani

Jumapili, 4 Septemba 1977

Daftari jipya. Mwalimu Priska kaniambia niandike kila siku, hata mistari mitatu, mkono usije ukasahau. Mkono huu umeshika jembe miaka hamsini, utasahau kalamu? Lakini naandika. Nalificha kwenye kapu la maharage, maana wajukuu zangu wanasoma kila kinachosomeka.

Leo baada ya ibada Mwalimu alitusimamisha nje ya kanisa, sisi wanakisomo wa hatua ya nne, watu wazima tunaojifunza kusoma. Ana miaka ishirini na miwili, anatufokea kama kuku anayefukuza mwewe, nampenda kama niliyemzaa. Akasema wilaya imetupa zawadi. Watu wanne wa darasa letu wataenda hifadhi ya taifa, Kilimanjaro. Si kuutazama mlima. Kuutazama tunautazama kila asubuhi ya kiangazi kutoka ukingo wa juu ya kanisa. Kuupanda! Kutembea msituni, mzigo mgongoni, kulala kwenye kibanda cha mbao, kushuka kesho yake. Gari linaondoka Same Ijumaa. Ijumaa hii! Barua ilikaa wiki tatu chini ya birika la mtu. Sitaji ofisi.

Kisha akasema neno lililonichoma. Huko kibandani kuna kitabu kikubwa cha serikali. Kila anayefika anaandika jina lake kwa mkono wake.

Kwa mkono wake! Mimi maisha yangu yote ni dole gumba. Kahawa ya ushirika, dole gumba. Kuandikishwa kijijini, dole gumba. Alipokufa mume wangu Eliezeri, karatasi ya kifo chake, dole gumba, chozi likadondokea wino, wakaniambia nirudie. Kidole changu serikali inakijua sana. Jina langu haijawahi kulipokea kutoka kwangu.

Nikashukuru kwa sauti kabla majina hayajasomwa. Aminieli. Anaeli. Linus. Ernesta.

Ernesta, niliyekua naye!

Mimi wa tano. Kosa ni la mtihani. Walitwambia tumwandikie ndugu wa mbali barua, tumwombe mbegu. Nikaanza na salamu kama mtu aliyelelewa. Nikamuuliza mke, watoto, ng'ombe, mguu wake uliokuwa unamsumbua, mvua za kwao. Ukurasa ukajaa, kengele ikalia, mbegu sijazitaja. Ernesta aliandika: Salamu. Lete mbegu. Akapewa alama zote! Mtu hata hajauliza mguu.

Hata hivyo, asante Mungu. Wa tano kati ya thelathini na mmoja, na mwaka juzi nilikuwa nashika kitabu kichwa chini.

Jumatatu, 5 Septemba

Nimeamka na akili mpya.

Ernesta ana nafasi, hana maji. Mimi nina maji, sina nafasi. Maharage yake yamejikunja kwa kiu, na zamu yake ya ndiva ni Jumanne ya wiki ijayo. Zamu yangu ni Alhamisi hii. Ndiva yetu, bwawa la mawe na udongo walilojenga babu zetu, hujaa usiku kucha. Alfajiri mzee Gideoni anachomoa kizibo, na maji yote ya siku hiyo ni ya mwenye zamu. Maji hayauzwi huku kwetu. Kupeana, ruksa.

Nikamkuta anachambua mchicha. Nikausifu mchicha. Nikamsifu mwanawe. Nikauliza goti. Akasema, Rahabu, sema unachotaka, mchicha unanyauka. Nikasema: mlima ni mkali, goti lako tunalijua, acha niende badala yako, wewe chukua zamu yangu.

Akasema goti lake lina afya kuliko kichwa changu. Kisha akatazama maharage. Akasema haya, lakini maji yaingie shambani kwanza, ndipo atamwambia Mwalimu abadilishe jina. Nikamuuliza kama haniamini. Akasema kinu alichoniazima tukiwa wasichana kiko wapi.

Kinu! Kilipasuka chenyewe!

Mwanamke mgumu kama kokwa. Lakini kanifungia mchicha wa kwenda nao, na umekubali kweli na karanga. Namshukuru kwa mchicha tu.

Jumanne, 6 Septemba

Mwalimu amesema sheria ya mlima ni mzigo mgongoni, mikono iwe huru. Kichwani hairuhusiwi, matawi. Nimeshangaa. Kichwani nimebeba kuni, maji, majani ya ng'ombe, na mara moja mlango mzima kutoka Same. Mgongo ni wa watoto. Lakini sheria ni sheria.

Shanta, mfuko wa mgongoni, analo mtu mmoja tu, Lukasi, aliyerudi nalo kutoka Jeshi la Kujenga Taifa. La kijani, mikanda sita. Nikamwomba. Akakuna kidevu. Akasema vitunguu vyake vinakufa. Akasema hilo mara tatu, akitazama angani, kana kwamba hasemi na mimi.

Nikampa zamu ya Alhamisi.

Najua. Lakini nimepiga hesabu. Shamba la Ernesta ni dogo, atamaliza mapema. Yanayobaki ni ya Lukasi. Ndiva ni kubwa! Ukiijaza inameremeta kama ziwa.

Jioni binti yangu Lukia akaja na koti zito la mumewe, Filipo, la kazi ya reli. Filipo alisikia kwamba mlimani kuna baridi, akalituma bila kuombwa. Bila kuombwa! Mkwe kama huyo watu wanaomba kwa kufunga na kusali. Nimeona aibu kupokea mkono mtupu. Nikamwambia Lukia, mwambie mwenzio achukue maji yangu ya Alhamisi.

Neno lilitoka lenyewe. Moyo wangu ni mwepesi, ndivyo nilivyoumbwa, na ninashukuru.

Jumatano, 7 Septemba

Mazoezi. Nimejaza shanta mahindi, nikapanda hadi ukingo wa juu ya kanisa. Kupanda, vizuri. Hapo nikainua uso kuutazama mlima, theluji ilikuwa inang'aa, shanta likanivuta, nikaanguka chali. Nikabaki hivyo. Miguu juu kama kobe. Anaeli alipita akanisalimu shikamoo kwa adabu zote, akaendelea na safari. Nilikuwa na aibu ya kuomba msaada baada ya kuitikia marahaba.

Aliyeniinua ni Ernesta. Alicheka kwanza, muda wa kutosha, akaketi kabisa ili acheke vizuri. Kisha akanivuta mkono, akanipangusa vumbi, akaniambia mikanda ya shanta nimeivaa kinyume.

Mchana nimefanya mazoezi ya jina. Kwenye jivu. Kwenye jani la mgomba. Kwenye ukuta wa jiko, kwa mkaa. Rahabu Eliezeri. R inanipa taabu, mguu wake unakimbia. Nimeandika mara arobaini. Ya arobaini ilisimama wima, nikawaita mbuzi waje waione. Hakukuwa na mtu mwingine nyumbani.

Kesho maji, kesho kutwa gari. Asante Mungu kwa akili ulizonipa.

Alhamisi, 8 Septemba

Mwandiko umepinda. Si uzee.

Nilifika ndivani jua halijatoka. Ernesta alikuwepo, jembe begani, kanga kiunoni. Mzee Gideoni akachomoa kizibo. Maji yakanguruma kuingia mferejini. Nikashukuru. Nikageuka. Lukasi, na jembe, anapiga mluzi. Nikageuka upande wa pili. Filipo, na jembe.

Gideoni akauliza leo zamu ya nani. Watatu wakajibu kwa pamoja. Kisha wote watatu wakanitazama mimi.

Hapo ndipo ningepaza sauti. Sauti ninayo, nikiita mbuzi inafika Ndungu kule bondeni. Lakini mkwe yuko pale! Mama mkwe wa kwetu hapayuki mbele ya mume wa binti yake. Anajifunika, anainama. Nikajifunika. Nikainama. Nikajitetea kwa kunong'ona. Ernesta akasema eti? Nikanong'ona tena. Akasema sema kwa sauti, Rahabu, leo umekuwa biarusi? Lukasi akasema shanta si la bure. Ernesta akauliza shanta gani tena. Filipo, maskini, akasema mama, mimi sikuomba, narudi nyumbani. Hakurudi. Alisimama kusikiliza.

Tukabishana mpaka jua likatoka. Hakuna aliyekwenda kugeuza maji. Ndiva nzima ikateremka peke yake. Ikapita shamba la Ernesta. Ikapita vitunguu vya Lukasi. Chini kabisa ikabomoa ukingo, ikaingia kwenye kabichi za Aminieli. Aminieli ni mgane, mpole, hana mpango na mtu. Alikuwa kitandani.

Wazee wa ndiva waliketi papo hapo juu ya mawe. Hukumu: zamu yangu imefutwa wiki nne. Na Jumamosi kijiji kizima kikienda kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, makande ya watu wote nipike mimi. Jumamosi! Siku ya kupanda mlima!

Ernesta akasema maji hakuna, nafasi hakuna, anakwenda mwenyewe na goti lake. Lukasi akaja kulichukua shanta. Akamimina mahindi yangu uani, akaona yametawanyika, akapiga magoti akayaokota yote, ndipo akaondoka. Koti limebaki. Mkwe hamvui mama mkwe koti.

Nina koti, sina mlima. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Jina langu liko ukutani, mara arobaini, na hapo ndipo litakapoishia.

Kisha nikaloweka mahindi na maharage. Adhabu ni yangu, lakini watu wanaochimba mfereji hawali makande mabaya mimi nikiwa hai. Na ninashukuru hawakunitoza mbuzi.

Ijumaa, 9 Septemba

Naandika ndani ya gari. Herufi zinaruka, si mimi.

Alfajiri hodi. Aminieli, na kabichi mbili mikononi. Kubwa! Akakataa kuketi. Akasema hakulala. Ndiva nzima imelala shambani kwake, haikuwa haki yake, kabichi zimesimama kama askari wa gwaride, na yeye hawezi kunywa maji ya mwenzake kisha akapanda gari kwenda kutalii. Alikwisha pita kwa Mwalimu. Nafasi yake ni yangu.

Mimi! Nikasema tu makande, makande ya msaragambo. Akasema atapika yeye. Nikacheka mpaka nikashika mlango. Mwanamume, apikie kijiji! Akaniuliza tangu mkewe afe, miaka sita, nadhani anakula mawe?

Nikamkabidhi sufuria. Nikamwambia maziwa mwisho, chumvi mwisho kabisa, na asikoroge kwa hasira. Nikampigia magoti kumshukuru, akakimbia.

Tatizo, mzigo. Shanta halipo. Basi nimechukua mbeleko, ile niliyombebea Lukia, nikafunga ndani yake blanketi, daftari na chungu kidogo cha makande niliyokuwa nimechemsha jana. Nimebeba mgongoni kama mtoto. Ernesta, hapa kiti cha mbele yangu, kasema mjukuu mzuri, kafanana na mimi.

Hatusemezani. Lakini kanipa nusu ya muhogo wake.

Jumamosi, 10 Septemba, mlimani

Nimefika! Nimefika, nimefika, nimefika!

Lakini kwa utaratibu. Langoni, askari wa hifadhi, Mchaga, akanizuia. Akasema bibi, watoto wachanga hawaruhusiwi mlimani. Nikamwambia ampapase huyo mtoto. Akapapasa chungu. Akacheka, akasema Mpare anapanda Kilimanjaro na makande yake ili asinunue ndizi za watu. Nikamwambia ndizi zenu mmezikata mbichi kwa haraka ya kuuza. Utani wetu na hao ni wa tangu zamani. Nikampa kijiko. Akala vijiko vitano, akasema mgongo ni mgongo, pita.

Msitu wa huko! Miti ina ndevu. Ukungu unaingia hadi kwenye mikono ya koti. Saa tatu za kupanda, tukivuka mto, Ernesta akaanza kuchechemea. Akasema jiwe limeingia kiatuni. Hakuna jiwe, ni lile goti lenye afya. Nikachukua shanta lake, ndiyo, shanta la Lukasi, alimwazima yeye baada ya kuninyang'anya mimi! Nikaliweka kichwani. Matawi hayakunigusa hata moja. Kiongozi wetu alisema ni marufuku. Nikasema aje alishushe. Hakuja.

Ernesta alinishika bega njia yote iliyobaki. Hakusema asante. Alisema natembea polepole.

Kibandani msimamizi ni bwana mmoja, Amiri, mpole sana. Akatoa kitabu. Kikubwa kweli! Barua ya wilaya ilisema watu wanne, akatuachia mistari minne, na chini yake Wajerumani watatu walikwisha jaza. Anaeli akaandika. Linus akaandika. Amiri akaniangalia mvi, akanisogezea kidau cha wino. Akasema kwa upole, mama, dole gumba linatosha.

Nilikirudisha kile kidau kwa kidole kilekile. Nikasema lete kalamu.

Nikaandika. Niliandika vizuri kuliko siku zote, herufi za duara, kila moja imekaa kitako. Nikaandika: Ndugu wote mtakaosoma kitabu hiki, salamu nyingi sana, poleni na mlima, hamjambo na

Mstari ukaisha.

Nikatazama. Mwalimu Priska akashika kichwa. Amiri akasema kila mtu ni mstari mmoja tu, mama, kitabu ni cha serikali, kurasa zimehesabiwa. Umebaki wa Ernesta, na chini yake Wajerumani.

Sikulia. Nikasema basi, nimewasalimu, salamu nazo ni kitu. Nikamkabidhi Ernesta kalamu.

Hakuipokea. Akasema kwa ukali wake uleule, Rahabu, andika jina. Andika kwenye wangu. Nikasema huo ni wako. Akasema umebeba mzigo wangu kichwani toka kule kwenye mto, unafikiri sikuona? Andika, tena usianze na salamu.

Nikaandika. Rahabu Eliezeri. R ilisimama wima, mguu haukukimbia. Na kwa kuwa nafasi ilibaki, nikaongeza "na", nikampa kalamu, akaandika Ernesta.

Mwalimu alikuwa analia. Akasingizia ukungu.

Asante Mungu. Asante Aminieli. Asante kabichi. Baridi hapa inauma hadi kwenye meno, koti la Filipo tumelala nalo wawili, na Ernesta anakoroma kama ng'ombe mwenye mafua. Sijawahi kusikia sauti ya kunifurahisha hivyo.

Jumatatu, 12 Septemba

Nyumbani. Magoti yananisema vibaya, nayaacha yaseme.

Makande ya Aminieli yalisifiwa. Kupita yangu! Watu wa msaragambo wamemwomba apike na mwezi ujao. Nimekwenda kuonja makombo kwenye sufuria. Aliweka kabichi. Kabichi kwenye makande! Nimekula bakuli mbili, kwa uchunguzi.

Filipo nimemrudishia koti kwa mkono wa Lukia, pamoja na jogoo. Kinu kipya nimemwagizia Ernesta kwa fundi wa Gonja. Asijue.

Mzee Gideoni hakupunguza hata wiki moja. Zamu yangu imefutwa wiki nne, zimebaki nne. Nimemshukuru kwa uthabiti.

Sasa basi. Mwalimu kadokeza kwamba mwakani huenda tukapelekwa hifadhi ya Ziwa Manyara, kwenye simba wanaolala juu ya miti. Nafasi mbili tu. Na kule nako, amesema, kuna kitabu.

Mtu mwenye akili hangoji mwakani. Lukasi ana darubini ya jeshini. Anaeli ana hema. Leo asubuhi nimezungumza na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Lukasi nimempa zamu ya maji ya kesho, Jumanne. Anaeli pia nimempa ya kesho, Jumanne.

Si yangu. Ni ya Ernesta. Hajui bado, nitamwambia maji yakishaingia. Lakini watu wawili walioandikwa mstari mmoja katika kitabu cha serikali, watashindwa kugawana ndiva? Tena ndiva yenyewe ni kubwa!